Miaka Iliyoungua

Kwenye fomu, penye umri, niliandika thelathini na mitano.
Karani akaitazama shingo yangu, akaitazama fomu,
akauliza cheti cha kuzaliwa.
Nikamwambia kiliungua Nyamugo, pamoja na kabati, na kitanda,
na cherehani ya jirani yangu Nankafu.
Hilo halikuwa uongo.
Akagonga muhuri.

Moto ulinila nyumba, ukanisamehe miaka kumi na mmoja.

Saa kumi na moja alfajiri, ngazi za Kadutu.
Usiku kulinyesha, udongo unateleza kama sabuni.
Ajida Bashige ana filimbi, huruma kaiacha kwake:
ngazi mia tatu na kumi na mbili kupanda,
hizo hizo kushuka,
mpira wa maji begani, mzito kama ng'ombe aliyelala.
Vijana wanaruka mbili mbili.
Cirhuza ana miaka ishirini na miwili, magoti yake hayana habari.

Langu la kushoto lina habari zote.
Linajua mvua kabla ya mawingu.
Linalikumbuka gunia la makala, kilo tisini,
siku nilipoanguka nalo nikipanda kutoka Beach Muhanzi
na mwenye mali akaja mbio,
akainama,
akaanza kuokota makala.

Miaka kumi na tisa nilikuwa mgongo wa watu wengine.
Kamba kwenye paji, mzigo nyuma, macho chini.
Bukavu niliijua kwa mawe yake;
sura za watu nilijifunza baadaye.
Kamba ilinichimbia mfereji juu ya nyusi.
Ntakwinja, kitinda mimba wangu, hupitisha kidole humo
akinguruma kama lori. Anasema ni barabara ya kwenda Bagira.

Wananiita Koko. Sawa.
Koko hufunga goti kwa kipande cha kitenge,
hutafuna tangawizi, hufika wa mwisho,
na bado hufika.

Kuna mtu wa mchanga tunayemwokoa kila Ijumaa.
Kilo sabini, kavalishwa suruali ya mtu.
Vijana wamembatiza Deni, maana ukimbeba hashuki.
Wanamkumbatia kifuani kama bibi harusi,
ngazi ya arobaini mikono inawaachia.
Nilipoitwa mimi, nilifungua kamba kiunoni,
nikaipitisha chini ya makalio yake, nikaiweka mahali pake,
penye mfereji,
nikaondoka naye.
Hakuna aliyepiga kelele. Nilisikia pumzi yangu tu, na ndala za mtu akishuka sokoni.

Juu kabisa Ajida alisema: haimo kitabuni hiyo.
Akanyamaza.
Akasema: Jumatatu uwafundishe.

Jumatatu sikuja. Goti lilivimba kama boga.
Nililala nikitazama mabati mapya, nikihesabu misumari,
na mume wangu Mweze akaniwekea maji ya chumvi, akauliza
kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu:
Kwani ni lazima?

Sikumjibu vizuri. Nilisema wanalipa.
(Bado hawajalipa.)
Nilichotaka kusema ni usiku ule, Mweze.
Ziwa lilikuwa pale chini, lote, limejaa,
linang'aa kwa moto wetu wenyewe kama lililojipamba,
nasi tulikuwa juu huku na mabeseni.
Beseni la kufulia. Beseni la mtoto.
Nankafu aliita mara tatu.
Mimi niliyepandisha saruji, mihogo, sahani za harusi za watu,
miaka kumi na tisa, mlima huu huu,
sikuweza kupandisha maji.

Jumanne nilikwenda, nikichechemea.
Cirhuza alikuwa ananingoja kwenye ngazi ya kwanza,
kamba mkononi, kaifunga vibaya.
Nikamfungulia, nikamwonyesha.

Mtihani ni Alhamisi ya wiki ijayo: dakika sita, kupanda tu, na mpira.
Leo nimetumia sita na sekunde thelathini na nane.
Sekunde hizo zimo humu humu ngazini, mahali fulani.
Nadhani nyingi ziko kwenye kona ya kinyozi,
pale ninapogeuka kila siku
kutazama ziwa.